Miche ya Chumba cha Nyuma

Desanka hakuwahi kupanda kitu kwa mkono wake mpaka alipotimiza miaka sitini na minane. Kwao Serbia alikuwa amelikimbia jembe la baba yake akiwa msichana, na alipofika Coober Pedy, jangwani Australia, kama mke wa mchimbaji alikuta mji usioota hata jani. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuchakura vifusi akitafuta vipande vya opali, kito cha rangi nyingi, ambavyo macho ya mumewe Milorad yalikuwa yameviruka. Jua la juu likiwashinda walishuka nyumbani, kwenye vyumba vinne ambavyo Milorad alivichonga mwenyewe ndani ya mwamba, mchana akitafuta mali na jioni akitafuta pa kulala.

Sasa mapafu ya Milorad yalikuwa yamekwisha. Vumbi la miaka yote ile lilikuwa limemjaa kifuani, na hatua kumi kutoka kitandani hadi mezani zilimtosha kuwa safari. Chakula alikisukuma kando. Siku moja, lori la mboga lilipokuwa limeingia kutoka Adelaide, alikata nyanya, akainusa, akaiweka chini.

"Desa," alisema, "hii siyo nyanya. Huu ni mpira umepakwa rangi."

"Kula, mzee. Ndiyo iliyopo."

"Nitakufa sijanusa tena nyanya ya kweli."

Alisema kwa utani, lakini Desanka hakucheka. Wiki iliyofuata aliagiza mbegu kwa posta. Chumba cha nyuma, kilichopakana na chumba cha kulala, alikifanya shamba: rafu ya mbao, taa ndefu nyeupe iliyoning'inizwa kwa minyororo, vikombe ishirini na vinne vya mtindi vilivyotobolewa chini. Mbegu kumi na nane zikaota. Milorad alivutiwa kiti mlangoni, akawa anakaa kuzitazama saa nzima, akizitukana zilizochelewa.

"Ile ya pembeni ni mvivu kama jirani yetu Stelios," alisema, na siku hiyo alikula mayai mawili.

Mwezi wa Juni ukaingia, na Milorad akaanza kutetemeka. Ndani ya mwamba hakuna baridi ya kutisha, kiangazi au kipupwe; ndicho watu wa pale wanachojivunia. Lakini mwili wake haukushika joto tena, hata kwa blanketi tatu. Desanka akanunua hita kuukuu ya gesi kwa mtu aliyekuwa anahama, akaiweka katikati ya vyumba vile viwili.

"Usimwambie mtu," Milorad alimsihi. "Mchimbaji anawasha hita shimoni! Huyo Mgiriki Stelios atanicheka mpaka kaburini."

"Nani atamwambia?"

"Niapie."

Akaapa. Hita ikawaka usiku na mchana.

Baada ya siku tano miche ikainama.

Haikunyauka kama kitu kilichokosa maji. Majani yalibaki kijani kibichi, ila vikonyo vyake vilijikunja kuelekea chini, mche mzima ukaonekana kama mtu aliyeshusha mabega. Desanka akaimwagilia, ikazidi kuinama. Akaimwagilia tena.

Stelios, jirani yao, alikuwa na vyungu vya pilipili hoho na mrehani nyumbani kwake, chini ya taa kama ile, na mdomo usiopumzika. Alikuwa amechimba pamoja na Milorad tangu ujanani. Desanka alimkuta kwenye duka la mboga, akamweleza.

"Shemeji," alisema Stelios, "unaimwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Mama yangu! Unalima nyanya au unafuga samaki? Acha maji. Ukitia kidole udongo ukakuta unyevu, toa kidole, nenda zako."

Akaacha maji siku nne. Udongo ukakauka juu, miche ikabaki imeinama.

"Basi ni taa," Stelios alisema. "Umeishusha sana, inaichoma miche." Desanka akaipandisha taa shubiri mbili. Hapana. "Basi ni chumvi, haya maji yetu ya bomba yanaweza kuua ngamia." Akanunua maji ya chupa, maji ambayo wao wenyewe hawakuyanywa. Hapana. Hatimaye Stelios akamwambia ang'oe mmoja atazame mizizi. Ikiwa myeusi na inanuka, imeoza. Desanka akang'oa, akaiosha kiganjani. Mizizi ilikuwa myeupe, safi, mingi kama nywele za mtoto.

"Sasa mimi sijui," Stelios alisema, na lilikuwa neno ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka. "Chumba kina baridi?"

"Hakina."

"Umewasha kitu mle? Jiko? Mafuta?"

Desanka alitazama mifuko ya viazi pale dukani. "Hakuna kitu," alisema.

Wakati huo wote Milorad alikuwa anadidimia. Kichwa kilimuuma tangu anapoamka. Alitapika mchuzi. Alilala mchana kutwa, na akiamka alichanganya maneno, akamwita Desanka kwa jina la dada yake. Mapafu, Desanka alijiambia. Daktari alikuwa amewaonya kuwa mwisho utakuja hivyo, polepole. Yeye pia kichwa kilimgonga, lakini akitoka nje kwenda dukani kilipoa. Akadhani ni miwani. Alimsogezea mumewe hita karibu zaidi.

Stelios aliona aibu kushindwa na nyanya. Akaja akachukua vikombe viwili mlangoni. "Nipe hawa wagonjwa wawili niwalaze kwangu," alisema. "Mzee vipi?"

"Amelala."

"Mwambie nimekuja kumwibia."

Siku ya tatu asubuhi alipiga simu. "Njoo uone, shemeji. Njoo sasa hivi."

Desanka alimchungulia Milorad, akaona kifua kinapanda na kushuka, akatoka. Mwendo ulikuwa wa dakika sita. Jikoni kwa Stelios miche miwili ilisimama wima kama askari, majani yamenyooka. Alifurahi hata akapiga makofi.

Stelios hakufurahi. Alikuwa anamkazia macho.

"Udongo ni ule ule," alisema. "Maji nimewapa ya bomba, yale yale ya chumvi. Kwa hiyo miche haina ugonjwa. Nyumba yako ndiyo ina ugonjwa. Desanka, nakuuliza mara ya pili, na usinifiche. Mle ndani kunawaka nini?"

Akamwambia. Alimwambia akiwa ameinamisha uso, kama msichana aliyekamatwa na kosa.

"Ya gesi? Na tundu la hewa liko wazi?"

Hapo ndipo Desanka alipolikumbuka bati. Mwezi wa Machi, kulipovuma dhoruba ya vumbi na Milorad akakohoa mpaka damu, Desanka alikuwa amepanda juu kwa miguu yake mwenyewe akafunika tundu la hewa kwa kipande cha bati, akaliwekea jiwe. Dhoruba ikapita. Bati lilibaki.

Walikimbia, mtu wa miaka sabini na mwanamke mwenye magoti mabovu. Stelios aliingia akiwa ameziba pua kwa kitambaa, ingawa sumu ya moto wa gesi uliokosa hewa haina harufu, akazima hita, akamkokota rafiki yake kwa makwapa hadi nje kwenye mwanga. Uso wa Milorad ulikuwa na wekundu mzuri kama wa afya, ambao Desanka alikuwa hajauona kwa miaka mingi. Alimwita. Alimpiga mashavu. Gari la wagonjwa likaja, kisha ndege ikampeleka Adelaide.

Hakuamka. Siku ya nne, Nevena, binti yao anayeishi huko, alishika mkono mmoja na Desanka mwingine, mashine ya kumpumulia ikazimwa. Daktari alieleza kwa upole kwamba mapafu yale yasingempa zaidi ya mwaka hata hivyo.

Nevena alimtazama mama yake. "Nani alifunika lile tundu?"

Angeweza kusema ni upepo. Angeweza kusema baba yako ndiye aliyetaka, na ingekuwa nusu ya ukweli.

"Ni mimi," alisema. "Na hita ni mimi. Na Stelios aliponiuliza, nilimdanganya."

Nevena aliuachia mkono wa baba yake, akatoka. Kwenye maziko alisimama upande wa pili wa kaburi. Tangu siku hiyo hupiga simu sikukuu kwa sikukuu, anauliza afya, anakata.

Stelios alilipanda lile paa la mwamba peke yake na kuliondoa bati. Halafu akaja kukaa mezani kwa Desanka, kofia magotini.

"Alinifanya niape," Desanka alimwambia. "Alisema utamcheka."

"Ningemcheka," Stelios alisema. Machozi yalimtiririka hadi kwenye masharubu. "Ningemcheka wiki nzima, shemeji. Halafu ningekuja na ngazi."

Miche iliyobaki Desanka aliimwaga, vikombe na udongo wake. Ile miwili aliyoichukua Stelios hakuiulizia, naye Stelios hakuitaja. Siku hizi Desanka anaishi juu, kwenye kibanda cha bati cha kupanga karibu na barabara, ambamo kiangazi joto halivumiliki. Anaacha madirisha wazi hata vumbi likivuma, na asubuhi anafagia.