Taa ya Chumba cha Uani

Mama yangu alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, na majirani zetu wa Kalangalala, hapa Geita, wakasema ni kwa sababu ya ulafi. Mtu wa kisukari, wakasema, asiyeweza kuuacha ugali. Maneno hayo yalinichoma, lakini hata mimi nilikuwa nimeanza kumshuku. Nilipekua chini ya mto wake nikitafuta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo Msukuma wa umri wake hawezi kuvitazama akavipita. Sikupata hata kimoja. Mama anakula kama nilivyompangia, insulini nachoma mimi kwa mkono wangu asubuhi na jioni, na bado sukari inapanda. Kidonda kikagoma kupona, kikaanza kupanda kuelekea kwenye unyayo. Daktari alisema pale wazi kwamba tukiendelea hivi, mguu wote utaondoka.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza dawa naiweka wapi. Nikamwambia kwenye friji, tena friji niliyoinunua kwa ajili hiyo tu. Akauliza kama umeme wetu unakatika. Hapo nikacheka kwa uchungu. Umeme haukatiki, nilimwambia, unaisha. Uniti nikiingiza leo, kabla wiki haijageuka luku, ile mita ya kulipia kabla, inalia. Nyumba ya watu wawili! Hatuna pasi ya maana, hatuna jiko la umeme, televisheni ilikufa zamani. Akaniambia dawa ikipata joto inabaki maji tu, unamchoma mgonjwa maji.

Basi nikaamua nyumba ikaguliwe, ijulikane umeme unakwenda wapi. Mteja mmoja wa kibanda changu cha kutoa kopi alinielekeza kwa wataalamu wa Mwanza wanaokuja na vyombo vyao na kukuandikia ripoti yenye jalada. Nilipouliza gharama nilimshukuru yule bwana kwenye simu nikakata. Ningelipa ile ningefunga kibanda. Nikampata fundi wa mtaani, mzee wa makamo aliyewahi kufunga umeme kwenye makambi ya wachimbaji kule Bugarama, akakubali kuja Jumamosi kwa bei ninayoiweza, pamoja na chakula cha mchana.

Alikuja, akamwamkia mama, mama akaitikia marahaba bila kumtazama. Alikuwa kwenye kiti chake cha ukumbini, mguu juu ya stuli, uso umekunjamana tangu nilipomwambia mtu anakuja kukagua. Nilidhani ni maumivu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri. Fundi alizima kila kitu ndani ya nyumba, taa zote, soketi zote, akaniita kwenye luku. Kile kitaa chekundu kilikuwa bado kinapepesa. Nyumba imezimwa yote, lakini kuna kitu bado kinakula! Akaanza kukata njia moja moja kwenye boksi la ukutani. Alipokata ya mwisho, kitaa kikatulia. Akaniuliza njia hii inakwenda wapi. Nikamjibu kabla hajamaliza, maana nilijua.

Ilikuwa inakwenda uani, kwenye chumba cha kaka yangu.

Kaka yangu ni mchimbaji, au alikuwa, sijui niseme vipi. Aliondoka kwenda Nyarugusu kuingia duara la watu fulani, duara ndilo shimo lenyewe la dhahabu, na likatitia wakiwa ndani. Waliotolewa walitolewa. Yeye hakuonekana, wala mwili wake. Mmoja wa wenzake alisema alikuwa ameshatoka kwenda kunywa chai. Mwingine alisema alimwona baadaye huko Bukombe kwenye rashi nyingine, watu walikokimbilia kusikia dhahabu imetoka. Baba mkubwa akasema kwetu mtu hazikwi kwa maneno ya kusikia, tusubiri. Tukasubiri. Mama akawa anawasha taa ya kile chumba kila magharibi, inawaka hadi kunakucha, kwa sababu kaka alikuwa na desturi ya kurudi usiku na akikuta giza anapitiliza kulala kwa rafiki zake. Taa ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi mwenyewe niliacha kuitazama.

Fundi akafuata waya. Ulitoka ukutani ukazama chini bila bomba, waya mtupu kwenye udongo. Alifukua kidogo tu akaufikia. Kaka yangu ndiye aliyeuzika, enzi anasagia mawe yake kwa mota chumbani na hakutaka mtu aone. Jamani, mtu anayeshuka ardhini hadi juu hasikiki, waya wa kwao aliufukia kina cha kiganja! Mchwa walikuwa wameutafuna ganda, mvua zilipoingia umeme ukawa unamwagika ardhini mchana na usiku. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nilikasirika na kaka kana kwamba amesimama pale.

Nilifikiri tumemaliza. Lakini fundi alirudi ndani kutazama friji, maana alisema friji mbovu nayo ni mlaji. Akafungua, akaweka kiganja, akainama kuangalia maji yaliyotuama chini. Akatazama swichi ya soketi, imechakaa upande mmoja kwa kubonyezwa. Akaniuliza kwa upole kama friji tunaizima mchana.

Nikasema hatuizimi. Nani aizime? Mimi nashinda kibandani, nyumbani yuko mama peke yake.

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama mguu wake.

Fundi ni mtu mzima, alielewa. Akasema anakwenda kununua utepe, akatoka. Nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi, na mama akaniambia mwenyewe bila kuulizwa mara ya pili. Alikuwa akiizima nikishatoka asubuhi, akiiwasha akisikia nafungua geti jioni. Uniti zilikuwa hazifiki. Mara mbili taa ya uani ilizimika usiku luku ilipoisha, na hakulala siku hizo. Alipiga hesabu yake kwamba friji ndiyo kubwa, ndiyo inayokula, kwa hiyo ipumzike mchana ili taa ipate ya usiku.

Nikamuuliza kama muuguzi hakumwambia dawa inataka ubaridi. Akasema aliambiwa. Alijua. Hata kabla ya vidole alijua.

Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena. Nilimwambia mambo. Nilimwambia mimi ndiye ninayemwogesha, mimi ndiye ninayenusa kile kidonda, mimi niliyeacha ndoa Shinyanga nikarudi kumtunza, na yeye anajiua kidogo kidogo kwa ajili ya mtu ambaye hata simu hapigi. Nilimuuliza kama mimi si mtoto wake.

Mama hakulia. Alisema, "Ng'wanawane, mwanangu, wewe nakuona kila siku. Yeye nimebakiwa na taa tu."

Nikatoka nikaenda uani.

Fundi aliporudi alinikuta uani nimekaa juu ya ndoo. Akanieleza njia mbili. Ya rahisi ni kukata ule waya moja kwa moja, leo hii, na tatizo limekwisha. Ya pili ni kuchimba mtaro wa kina hadi kile chumba na kupitisha waya mpya ndani ya bomba. Mwenye akili angechagua ya kwanza. Nilichagua ya pili, na sikuichagua kwa wema. Nilijua tu kwamba nikikata taa ile, mama hataiwasha friji kwa ajili yake mwenyewe. Angekaa akisubiri chochote kinachokuja.

Kuchimba mtaro Geita ni kujitafutia balaa. Mtu akishika sururu uani kwake, mtaa mzima unajua ameona mwamba wa dhahabu. Kabla ya saa sita ukuta wetu ulikuwa na vichwa juu yake, na bwana mmoja akaingia bila hodi, akaokota jiwe, akalilamba, akaligeuza juani. Akaniomba mchanga ule asimwage mtu, aende nao mwaloni, wanakosafishia dhahabu, akauoshe, kitakachopatikana tugawane. Nikamwambia auchukue wote na asirudi. Aliuchukua kweli, kwa toroli.

Jioni kazi ikaisha. Fundi akamwita mama aje aone, nikamshika mkono tukasimama mbele ya luku, taa ya uani imewashwa na friji imewashwa, na kile kitaa chekundu kinapepesa polepole kama mtu anayesinzia. Mama akauliza ile taa peke yake ilikuwa inakula kiasi gani, tangu mwanzo. Fundi akasema taa ile ni kitu kidogo sana, uniti moja ingeiwasha siku nyingi, kilichokuwa kinapoteza umeme ni waya.

"Kwa hiyo vyote viwili vingewezekana," mama alisema.

Fundi akanitazama mimi, kisha akasema, "Ndiyo, mama."

Mama akateremsha macho kwenye bandeji, akayaacha pale.

Dawa mpya ilifanya kazi, lakini kidonda kilikuwa kimeshatangulia. Mguu ulikatwa chini ya goti mwezi uliofuata. Tuliporudi kutoka hospitali mama alikuwa hawezi kufika uani, na magharibi ilipoingia aliniita jina langu, akaishia hapo. Alikuwa anaona aibu kuniomba.

Nikaenda. Nilikuwa sijaingia chumba kile tangu kaka aondoke. Kitanda kimetandikwa, mashuka yamefuliwa, malapa yake yamepangwa mlangoni. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka, na nikajisikia nikisema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Rudi basi, mpumbavu wewe. Mama anaisha."

Kisha nikarudi kutoa dawa kwenye friji, nimchome sindano yake ya jioni.