Mto Niliompa Bi Rukia

Nilifika Voi kwa treni, baada ya miaka mingi ya kutangatanga bandarini na melini, nikapanga chumba kwa Bi Rukia. Balaa langu lilianza siku nilipojigamba kwamba nimefika Ngazija.

"Ngazija?" akashtuka. "Mwanangu Athumani alifia huko, akazikwa huko huko. Hebu nieleze kulivyo."

Ukweli ni kwamba meli yetu ilitia nanga Moroni na mimi sikushuka. Niliona msikiti mweupe ufukweni na mlima Karthala nyuma yake, basi. Nikamweleza hayo.

"Na makaburi uliyaona?"

Ningesema sikuyaona. Lakini pale nje watu walikuwa wamepanga madebe kwenye bomba lililokauka, na Athumani, Bi Rukia aliniambia, alibeba maji utoto wake wote. Nikasema makaburi yapo kando ya mto, maji yanapita usiku na mchana. Bi Rukia akalia, akacheka, akawasimulia majirani. Nami nikajiona mwema kweli!

Juzi mjane wa Athumani akaja kutoka Ngazija. Bi Rukia akaniita kwa furaha. "Njoo, baba, mwambie mkwe wangu habari za ule mto."

"Mto gani, kaka?" mgeni akauliza. "Kwetu Ngazija hatuna mto hata mmoja. Twanywa maji ya mvua."

Bi Rukia hakunitukana. Alimgeukia mkwewe, akauliza polepole, "Basi mwanangu amelala wapi?"

Leo asubuhi nilibeba begi langu kwenda stesheni. Nilimkuta Bi Rukia bombani na debe lake, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.