Baridi ya Mwezi wa Tatu

Wiki jana, mwezi huu wa tatu, nilikuwa Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla hapa Guangzhou, nikimsindikiza mama mmoja mfanyabiashara wa Njombe. Nje ya duka mti ulikuwa ukipukutisha majani ya njano. Bosi mwenye duka alipoona mama anautazama, akadaka jani moja na kumpungia nalo.

"Mama, majani yanaanguka! Baridi inakuja. Nunua makoti!" alisema kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Nikamkanyaga mama mguu kidogo. "Anakudanganya," nikamnong'oneza. "Huko Beijing ndiko majani huanguka kabla ya baridi. Miti ya huku huyang'ang'ania mpaka baridi iishe, ndipo huyaacha, joto likianza. Makoti hayo yamemdodea."

Mama aliinyooshea mdomo fulana ya bosi, iliyolowa jasho. "Hebu mwulize, hiyo baridi yeye imeshamfikia?"

Nilipotafsiri, bosi alicheka mpaka akakalia makoti yake, kisha akashusha bei. Mama akachukua rundo zima.

"Mama, janja yake umeijua na bado umenunua?"

"Mwanangu, mzigo huu utafika Njombe mwezi wa sita. Umewahi kulala Njombe mwezi wa sita?"

Nimewahi. Nililala na viatu. Kwa hiyo, msomaji, naomba nimsafishie jina yule bosi: baridi ilikuwa inakuja kweli. Alikosea bara tu.