Mama Agoma Kutia Dole

Mama yangu, Yim Saroeun, ni mtu wa maneno machache na ugomvi mrefu. Akinuna, hata kuku wa jirani wanajua. Kwa hiyo niliposhuka kwenye pikipiki ya kukodi pale kijijini kwetu, upande wa Battambang, miguu imenivimba kwa safari ya siku mbili kutoka Amerika, na nikaona hajatoka hata mlangoni, nilijua nimekuja kwenye vita.

Baba alinipokea begi. Akaninong'oneza, "Mama yako hataki ile karatasi."

"Hataki nini? Baba, nimechoka, usinianze."

"Hataki tu. Kaoge kwanza."

Karatasi yenyewe ilikuwa hii. Mimi naishi Lowell, huko Amerika, mwaka wa nane sasa, niliolewa huko, nimekuwa raia wa huko. Naunganisha nyaya kiwandani siku tano, na Jumamosi na Jumapili nafua mashuka ya hoteli. Nimechoka jamani, nisidanganye watu. Nilikuwa nimewaombea wazazi wangu wote wawili wahamie kwangu. Ombi la Mama lilipita, kwa sababu kwa mama watu wa uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto tu, nacho nilishakipata kwa kutafuta mashahidi. La Baba lilikwama. Kwa baba wanataka na cheti cha ndoa ya wazazi. Barua yao ilinipa siku themanini na nne za kukileta, na hamsini zilishakatika nikimbembeleza bosi anipe likizo.

Cheti cha ndoa! Watu waliooana mwaka 1978, chini ya Pol Pot, enzi ambazo hata kuwa na sufuria yako mwenyewe ni kosa. Nani angewaandikia cheti?

Njia iliyobaki ilikuwa kiapo. Mashahidi wawili waliokuwepo siku ile waape, Baba na Mama watie dole gumba, kata igonge muhuri. Basi asubuhi yake nikawakokota wote mpaka ofisi ya kata. Mashahidi walikuwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, na Mama mdogo Kimlay, rafiki wa Mama, ambaye aliozwa siku hiyo hiyo, uwanja huo huo. Mama alikubali kuja, ila alikaa pembeni na skafu yake ya miraba kichwani, kama mtu aliyeletwa msibani kwa watu asiowajua.

Karani, kijana aitwaye Ratha, akasoma kwa sauti: "Prak Thol na Yim Saroeun walioana kwa hiari yao wenyewe, mbele ya watu, wakaishi kama mume na mke..."

"Sitii dole," Mama akasema.

"Mama, bado hajamaliza kusoma!"

"Hata akimaliza. Hiari ya nani? Kimlay, sema wewe. Tulikuwa na hiari?"

Mama mdogo Kimlay akacheka kicheko kikavu. "Hiari tuliitoa wapi, dada? Tulipangwa jozi thelathini kama ng'ombe wa kulimia. Mimi yule wangu nilimwona uso kesho yake."

Ratha akajikuna kichwa. "Mama, hayo ni maneno ya fomu tu. Nikiyaondoa, wakubwa huko watasema hii siyo ndoa."

"Basi siyo ndoa. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu wakaniambia nichague, mume au shimo. Mama yangu mzazi alikuwa anaishi mwendo wa saa moja tu kutoka pale, akaja kusikia baada ya mwezi. Leo nije niape kwamba nilipenda?"

Baba alikuwa anaangalia sakafu. Na yeye siku ile ya 1978 aliitwa jina tu, akasimama. Mtu mpole, hajawahi kumpandishia Mama mkono wala sauti, na sijawahi kuwaona wakigusana.

Hapo uchovu ukanipanda kichwani. Sijivunii niliyoyasema. "Mama, unajua nimefua mashuka mangapi kwa ajili yenu? Miaka nakimbia na makaratasi yenu! Baba akibaki hapa peke yake ni kwa kiburi chako!"

"Nani alikutuma?"

"Alah! Nani alinituma? Watoto wa wenzako wanawaleta wazazi wao, nyie mkae hapa mvuke mafuriko kila mwaka?"

"Umeniuliza lini kama nataka kwenda?"

"Nani asiyetaka kwenda Amerika, Mama?"

Mama akanigeukia. "Na wale waliotuoza walisema hivyo hivyo," akasema. "Nani asiyetaka Mapinduzi yamchagulie mume."

Jamani. Nilikaa kwenye benchi nikalia kama mtoto mbele ya karani na mashahidi. Nililia kwa aibu, maana ilikuwa kweli. Nilijaza fomu ya Mama, nikatuma picha zake, nikamtuma akapimwe kifua, na katika yote hayo sikuwahi kumuuliza. Nilimwambia tu kaa hapa, tabasamu, inua mkono.

Ratha akasema wacha tufunge, turudi kesho. Hakuna aliyeinuka.

Nikafuta kamasi. "Haya, Mama. Unataka kwenda?"

"Sitaki. Mashamba ni haya, kaburi la mama yangu ni lile. Baridi yenu naisikia kwenye simu tu na meno yananiuma."

"Na Baba?"

"Ana mdomo. Muulize."

Nilikuwa na uhakika atasema atabaki na mkewe. Hata Mama mdogo Kimlay alikuwa anaitikia kwa kichwa tayari. Baba akainua macho kutoka sakafuni, akasema taratibu, "Mimi nataka. Nataka kuwaona wajukuu kabla macho hayajazima kabisa. Nimetamani tangu siku ulipotaja. Ila sikutaka kumwacha na kazi za shamba."

Mama akamgeukia. "Thol, kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza," akasema Baba, na mzee wa ng'ambo ya mto akaangua kicheko, akapigwa kiwiko na Kimlay.

Mama aliitazama ile karatasi. Najua alikuwa anapiga hesabu, maana sote tulikuwa tunaipiga. Bila dole lake, Baba haendi popote. Angeweza kumshikilia pale mpaka afe na asilaumiwe na mtu. Pol Pot alipoanguka, njia zilifunguka, watu wengi walioozwa kwa nguvu waliachana wiki ile ile, Kimlay akiwa wa kwanza. Mama alibaki. Alikuwa na mimba yangu.

"Soma tena," akamwambia Ratha.

Ratha akasoma. Alipofika kwenye neno hiari akapunguza sauti.

"Soma vizuri, nasikia." Kisha akavuta kidau cha wino, akakandamiza dole gumba, akalipiga kwenye karatasi kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. "Ni uongo," akasema, "lakini aende. Amekuwa mtu mwema, na hakuna aliyewahi kumpa kitu anachokitaka."

Baba alitia la kwake. Njiani kurudi walitembea kama kawaida yao, yeye mbele, Mama nyuma, wamepishana hatua kumi.

Jibu lilitoka baada ya miezi mingi. Baba yuko kwangu sasa, chumba cha nyuma, anawapeleka watoto shuleni amevaa makoti mawili. Karatasi ya Mama, ile iliyopita bila shida, iliisha muda ikiwa kabatini. Mimi bado nafua mashuka.

Kila Jumapili Baba anampigia simu. Nilidhani wataongea mambo ya mpunga, wamalize. Wanaongea saa nzima. Anamuuliza amekula nini, mvua imefika wapi, mguu unamsumbua bado. Jumapili iliyopita nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia anashusha sauti, anakohoa, anaanza upya.

"Saroeun, hivi wewe ungependa kuja? Nakuuliza tu."

Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu ya masikio yake. Nikafunga bomba. Upande wa Mama nikasikia jogoo anawika.

"Hapana, Thol," akasema. "Lakini Jumapili niulize tena."