Baba Mkwe Aliyewachukia Wakubwa wa Berlin

Baba mkwe wangu, Korbinian Zirngibl, alikuwa mshona matandiko ya farasi kijijini kwetu kando ya mto Rott. Vita vilipokwisha alifungua tawi la chama cha wahafidhina wa Bavaria, waliotaka kila jimbo lijiendeshee mambo yake. Mei 1949 bunge la Munich lilipoikataa katiba mpya ya Ujerumani, alipandisha bendera nyeupe na buluu ya Bavaria juu ya karakana, akazunguka kijiji kizima kama aliyepata mjukuu. Katiba ilipita hata hivyo. Bendera hakuishusha.

Mwaka huohuo mimi, seremala niliyefukuzwa kwetu na mabomu, nilikwenda kumposa binti yake, Notburga. Mama yake, Afra, akatupakulia supu ya matonge ya ini.

"Kwenu wapi, kijana?" mzee akauliza.

"Hamburg, mzee."

Akaweka kijiko chini. Kwake kila mtu wa kaskazini alikuwa Mprusia, mtu wa Berlin. "Mprusia! Notburga, wanaume wa bonde zima hili wameisha?"

"Wameisha, baba. Waliobaki umewafanya wajumbe wa chama."

Mama Afra alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni. Mimi nikajitetea.

"Samahani, mzee, Hamburg si Prussia. Ulikuwa mji huru wenye sheria zake. Wale wakubwa wa Berlin hatukuwapenda."

"Hamkuwapenda?"

"Hata kidogo."

"Afra! Mwongeze bwana huyu supu!"

Wiki ya harusi padri akasoma cheti changu cha kuzaliwa kwa sauti: nimezaliwa Altona, ambayo sasa ni mtaa wa Hamburg, lakini nilipozaliwa ilikuwa ya Prussia hasa. Mzee akanigeukia palepale.

"Ulinidanganya, wewe!"

"Mpaka ulipita barabarani kwetu, mzee. Hamburg ilikuwa ng'ambo."

"Barabara yenyewe pana?"

"Nyembamba."

Akafikiri. "Basi mama yako alikosea hatua chache tu. Padri, endelea."

Alikaa katika baraza la kijiji miaka kumi na miwili, akipigania shule yetu isihamishiwe mjini, na haikuhamishwa. Wenzake mmoja mmoja walihamia chama kikubwa kilichotawala jimbo, chenye vyeo vya kugawa, yeye alibaki. Mkutano mkuu wa mwisho niliouona ulikuwa na wanachama watatu: yeye, kinyozi Wastl, na mimi. Mzee alichaguliwa tena mwenyekiti kwa kura mbili dhidi ya moja.

"Nani kanipinga?" akanguruma.

"Mimi," akasema Wastl, akichanganya karata. "Ukishinda unahutubia, nasi tunataka kucheza."

Alihutubia dakika arobaini. Kisha akatufunga michezo yote.