Pakacha la Makonyo

Kila msimu wa karafuu ulipokwisha, Bi Ghania binti Suud wa Ole alisuka pakacha kwa mikono yake mwenyewe, akalijaza makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Akampa Shaame muuza kahawa alipeleke Chake Chake, dukani kwa Thuwein bin Khelef. Salamu za kufuatana nalo hazikubadilika: "Ami yako Nasor anakusalimu." Wasiojua walisema ni mapenzi ya jamaa. Thuwein alijua ni nini, na ndivyo Bi Ghania alivyotaka.

Baba yake, Mzee Suud, alisomesha watoto wake bila kubagua. Alimkalisha Ghania upande mmoja wa kitabu na Nasor upande wa pili, akawafunza Kurani, kisha mirathi na hukumu za kuuziana. Nasor alisinzia, Ghania aliuliza maswali. Baadaye aliolewa Wete, akafiwa na mume, akarudi kwao na kasha la vitabu na shingo iliyonyooka vile vile kama alivyoondoka.

Shamba la Mzee Suud lilikuwa lao wawili, theluthi mbili za Nasor na theluthi moja ya Ghania. Hawakuligawa. Katika ukoo ule, kuweka mpaka baina ya ndugu wa tumbo moja ni kuwatangazia watu kwamba mmegombana. Kwa hiyo hapakuwa na mti wa kaka wala mti wa dada. Kila mkarafuu ulikuwa wa wote wawili.

Mwaka 1928 Nasor alikuwa amepita sabini na macho yake yameingia ukungu. Hakulikubali hilo. Watu aliwajua kwa sauti, na njia ya msikitini miguu yake iliikariri. Akiletewa barua aliiinua mbele ya uso, akatulia kiasi cha kusoma, akasema, "Naam, nimeona," kisha akampa dada yake aiweke. Bi Ghania aliisoma jikoni, na baada ya chakula akaizungumza kana kwamba wameisoma wote. Walikuwa wameishi hivyo miaka mitano, na hata mmoja wao hakulitaja neno upofu.

Thuwein aligundua kwa ziara tatu tu. Alikuwa dalali wa karafuu, mtoto wa binamu yao, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno laini. Alichagua siku ambayo Bi Ghania yuko Wete msibani, akaja na halua na mashahidi wawili wa kwake.

"Ami, nikodishe karafuu za fungu lako, msimu huu tu. Nitapalilia mimi, nitachuma mimi. Wewe kaa ule raha."

Mzee akafurahi. Thuwein akamwekea karatasi mkononi. Nasor akaiinua mbele ya uso, akatulia, akasema, "Naam. Mwandiko mzuri," akatia saini yake ile ile ya ujanani. Kumwambia mtoto wa nduguye amsomee kungekuwa kumtilia shaka, na zaidi ya hapo, kungekuwa kukiri. Akapokea rupia mia tatu zilizofungwa katika kitambaa chekundu cha Thuwein.

Mwezi mmoja ukapita. Bi Ghania alikuwa uani akichambua mchele, na wapaliliaji wa Thuwein wako shambani, Shaame alipopiga hodi.

"Bi Ghania, nina neno, lakini usinitaje."

"Kama ni la kweli nitakutaja. Sema."

"Jana barazani Thuwein kawachekesha watu mpaka wakamwaga kahawa yangu. Anasema kanunua fungu la Mzee Nasor, ardhi na miti, kwa bei ya mavuno ya mwaka mmoja. Anasema..." Shaame akatazama chini. "Anasema mzee aliishika hati kichwa chini miguu juu, akausifu mwandiko."

"Wakacheka?"

"Wakacheka, Bibi. Akaongeza kuwa theluthi yako ataipata kwa doti mbili za kanga."

"Kanunua, si kukodi? Una hakika?"

"Hati nimeiona kwa macho yangu ikipita mkono kwa mkono."

Njia iliyo wazi ilikuwa kwenda kumwambia kadhi kwamba mzee haoni. Nasor angeitwa, angepewa karatasi mbele ya wanaume, angeambiwa asome. Thuwein alikuwa amelitegemea hilo hasa: nyumba hii ingekubali kupoteza shamba kuliko kumtoa mzee wao hadharani namna ile. Aliwajua vizuri. Asichokijua ni kilichokuwamo ndani ya kasha.

Bi Ghania akasimama pale pale, mchele ukamwagika. "Silima!" akamwita mpaliliaji aliyekuwa karibu. "Njoo upesi. Nyote wawili nishuhudieni. Mimi Ghania binti Suud, mshirika katika shamba hili, nimesikia sasa hivi kuwa fungu la mwenzangu limeuzwa. Nalitaka kwa shufaa, kwa bei ile ile."

Silima akajikuna kichwa. "Shufaa ndiyo nini, Bibi?"

"Ni haki ya mshirika. Mwenzako akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, unamtoa mnunuzi kwa bei aliyonunulia. Lakini useme saa ile ile unaposikia. Ukisubiri umalize mchele, imekupita."

"Basi bei ya Thuwein..."

"Bei ya Thuwein ameiandika Thuwein."

Shaame akaziba mdomo kwa kiganja. Silima akauliza, "Na mimi, Bibi? Kazi hii ananilipa yeye."

"Endelea, mwanangu. Palilia vizuri. Shina kwa shina."

Alasiri alimwendea kaka yake. "Kaka, niazime zile rupia zako."

"Za nini?"

"Nataka kununua shamba."

"Shamba lipi?"

"Zuri. Unalijua."

"Lina maji?"

"Lina maji, na limepaliliwa."

Mzee akacheka. "Basi usimwachie mtu." Akamtolea kitambaa chekundu. Rupia zilikuwa zimepungua kidogo, maana aliwanunulia wageni kahawa na halua huku akimsifu Thuwein. Bi Ghania akauza vipuli vyake vya dhahabu, akafidia.

Kesho yake alipanda punda, akaenda kwa kadhi na mashahidi wake. Siku ya kusikilizwa ilipofika, shamba lilikuwa limepaliliwa lote na Thuwein amekwisha jenga sakafu mpya ya kuanikia. Watu wa barazani walijaa mlangoni.

Thuwein akaja akitabasamu. "Shangazi, mambo haya tungeyamaliza nyumbani."

"Uliyaanza barazani, baba. Tuyamalize mbele ya watu." Akamgeukia kadhi. "Shehe, mimi siipingi hati hii. Kaka yangu ameuza na mauzo ni sahihi. Naomba tu mnunuzi atusomee mwenyewe."

Kadhi akampa Thuwein hati. Alipofika kwenye bei, sauti ikamfifia.

"Paza sauti, baba," akasema Bi Ghania. "Umeishika vizuri? Isije ikawa kichwa chini."

Mlangoni mtu mmoja akakohoa. Hakuna aliyecheka.

"Rupia mia tatu," Thuwein akasema. "Lakini shehe, hiyo ni bei ya kiudugu! Thamani ya fungu lile ni mara kumi!"

"Mara kumi?" akauliza Bi Ghania. "Basi atueleze ilikuwaje mtu mwenye akili zake akamuuzia namna hiyo. Alimwambia nini? Aeleze, tuko tayari kusikia."

Thuwein akaikunja hati. Kueleza kungekuwa kujishitaki. Kadhi akahukumu: fungu ni la Bi Ghania kwa rupia mia tatu. Bi Ghania akaweka kitambaa chekundu mbele ya mwenyewe. "Hesabu. Kitambaa pia ni chako. Sisi hatubaki na vitu vya watu."

Msimu ule karafuu zilianikwa juu ya sakafu ya Thuwein, na pakacha la kwanza la makonyo, ndilo fungu lililombakia mnunuzi, likaenda Chake Chake. Hakuna tena aliyetia saini karatasi yake upesi; hata wajane wa kijiji cha Wesha waliuliza kwanza, "Ni yule wa makonyo?" Mara mbili alituma wazee waje kumwombea msamaha. Bi Ghania aliwapa kahawa, akawajibu: "La akhera nimemwachia Mungu. La duniani ni langu."

Nasor hakujua kamwe kwamba aliwahi kuuza. "Yule Thuwein kijana mwema," alisema mara kwa mara. "Mbona haji tena?"

"Ana shughuli, kaka."

"Usimsahau. Mpelekee chochote."

"Nampelekea kila mwaka."

Mzee alifariki mwaka 1934, juu ya kitanda cha baba yake, ndani ya shamba la baba yake, na wote waliokuja kuzika walimtaja kwa heshima. Watu wakadhani mambo yale yamezikwa pamoja naye. Msimu ulipokwisha, Bi Ghania alikaa uani akasuka mapakacha mawili.

"Mbona mawili, Bibi?" akauliza Shaame.

"Moja la kaka, kama kawaida yake," akasema, akiyashindilia makonyo kwa ngumi. "Hili la pili mwambie linatoka kwangu."