Ruhusa ya Hajja

Siku kijana wa Kinigeria alipocheza Riyadh mbele ya kocha aliyetaka kumsajili, serikali ilikuwa imeshamwandika mtoro wa kazi. Yeye hakujua. Alikuwa katikati ya uwanja akiomba mpira, na ikama, kibali chake cha kuishi nchini, iliyokuwa kwenye begi lake ilikuwa imeshakufa tangu asubuhi.

Tuliishi chumba kimoja kando ya geti, katika nyumba moja ya Al-Rawdah, Jeddah. Mimi, kutoka Kenya, niliendesha gari la madam, mke wa bosi, na watoto. Yeye aliletwa baadaye kumwendesha mama mzazi wa bosi, ambaye sote tulimwita Hajja. Figo za Hajja zilikuwa zimechoka, na ilibidi apelekwe kliniki kusafishwa damu kila baada ya siku chache.

Wakala wa huko Nigeria alikuwa amemwambia kijana kwamba anakuja kujaribiwa na klabu. Viza ilipotoka, ilisema dereva wa nyumbani. Wakala akamwambia asihangaike, akishaingia nchini mengine yatajipanga. Kijana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza msimu wake wa kwanza wa ligi, akivaa namba nane. Akaona usukani anaweza kuuvumilia kwa muda.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, tulicheza kwenye uwanja wa changarawe pembeni mwa mtaa wa Al-Nuzha. Walikuja Wasudani, Wanigeria, na Wakenya wanaofanya kazi bandarini. Nilipenda kumtazama kabla mpira haujamfikia: alichungulia nyuma ya bega la kushoto, kisha la kulia, na ulipofika miguuni alikuwa ameshajua pa kuupeleka. Beki wetu mmoja, dereva wa trela bandarini, alichoka kumfukuza akaketi chini.

"Mpeni huyu trela yangu," alisema. "Ataigeuzia ndani ya choo."

Kocha mmoja Mmisri alimwona hapo. Alikuwa na klabu ya daraja la chini huko Riyadh iliyohitaji kiungo. Alimtaka aende akacheze mechi moja ya majaribio. Akifaa, klabu ingemwomba kafili, yaani bosi aliyemdhamini viza, amwachie, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Sharti lilikuwa moja: asitoke Jeddah bila ruhusa ya kafili huyo.

Bosi alikuwa Uturuki na familia yake kwa mapumziko. Kijana alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Siku ya mechi ikakaribia, naye akawa halali wala hali. Mwishowe, wakirudi kutoka kliniki, alimweleza Hajja kila kitu kwa Kiarabu chake cha madrasa. Hajja ndiye aliyekuwa akiamua kila jambo katika nyumba ile, hata bosi aliinama kumbusu kichwa kabla ya kuketi. Alimwambia aende, akamfungia tende kwenye mfuko.

Nilimshauri aendelee kumtafuta bosi. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu.

"Kaka, mama yake amesharuhusu. Kwenu mtoto anapindua neno la mama?"

Kwetu pia hapindui. Nikakubali kumpeleka Hajja kliniki, naye akapanda basi.

Bosi alipiga simu asubuhi ya mechi, si kwa sababu ya ujumbe wa kijana. Alitaka gari la Hajja lipelekwe gereji. Aliuliza dereva yuko wapi, nikamwambia yuko Riyadh, Hajja amemruhusu.

"Viza yake ina jina la mama yangu?"

"Hapana, baba."

"Halas, basi," akasema, akakata.

Aliripoti kwa simu yake, huko huko alikokuwa, kwamba dereva ametoroka kazini. Jioni kijana alinipigia. Kocha alikuwa amemkumbatia mbele ya wenzake, kisha karani wa klabu akaingiza namba ya ikama kwenye kompyuta na kumrudishia kadi bila kumtazama usoni. Sasa hakuweza kusajiliwa, na hakuweza kurudi Jeddah, kwa sababu barabarani kuna vizuizi na mtoro hukamatwa. Alikuwa amejificha chumbani kwa Wanigeria wenzake. Aliongea polepole, kama anayeogopa kusikika ukutani.

"Kaka, mwambie Hajja. Mwambie tu Hajja."

Nilimwambia. Siku ya kliniki ilipofika niliwasha gari, na hakutoka. Mfanyakazi wa ndani, dada mmoja wa Mombasa, alikuja kuniambia Hajja amekaa kitandani na amesema hatasafishwa damu mpaka dereva wake arudi. Siku ya pili miguu yake ilikuwa imevimba. Dada yule alimpigia bosi akilia, nami nikasimama mlangoni bila la kufanya. Maisha ya watu wawili yalikuwa yamekwama kwenye simu moja.

Bosi alirudi kwa ndege ya kwanza. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamwonyesha maandishi kwenye simu, akaapa kwamba ripoti ameifuta. Hajja hakujua kusoma. Alikubali kuingia garini.

Nilimpigia kijana nikiwa nje ya kliniki, nikamwambia ripoti imefutwa. Alikwenda klabuni kesho yake, dirisha likiwa bado wazi, na karani akaingiza namba tena. Kompyuta ilisema mtoro. Bosi nilipomuuliza, alisema ameshafuta, nisimuulize tena.